Aliyeacha unga (heroini) akija kuomba kazi, ufunguo wa stoo unampa lini?

#1 FundiMageti
Habari za jioni wakuu.

Nina karakana ndogo Buguruni, tunatengeneza mageti na grili za madirisha. Nina vijana wanne. Wiki iliyopita alikuja kijana wa mtaani kwetu, hapa nitamwita Dogo. Nimemjua tangu anavaa kaptula ya shule. Alikuwa fundi mzuri wa kuchomelea kabla unga haujamchukua, na ulimchukua kweli kweli. Miaka tisa alizunguka na kiroba cha skrepa mgongoni, amekauka, miguu vidonda. Mwaka 2019 aliniibia grainda. Niliikuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, imeshapasuliwa ili itolewe shaba ya ndani.

Sasa ana miezi kumi na minne anakunywa methadoni, ile dawa ya kliniki ya kuachia unga. Amenawiri. Alikuja ameoga, shati limepigwa pasi, akasimama pale getini na hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Akaniambia, "Kaka, grainda yako nitailipa. Nipe kazi, unikate kidogo kidogo."

Nikampa vipande viwili vya bomba achomelee. Mshono ukatoka umelala vizuri kama magamba ya samaki. Mkono haujasahau.

Tatizo ni mawili. Vijana wangu wawili wamesema akiingia yeye, wao wanatoka. Halafu pale kwangu anayewahi asubuhi ndiye anayefungua stoo, na stoo kuna mashine mbili, mitungi ya gesi na nyaya. Nimpe kazi bila ufunguo? Nimpe vyote? Au nimwambie asubiri, na kama ni kusubiri, asubiri mpaka lini? Naomba mawazo ya watu waliokwisha kuishi na jambo hili.

#2 Mkali_wa_Tandika
Mkuu, usijaribu. Teja (mtumia unga) haachi, anapumzika tu. Nimezika binamu wawili, na wote wawili tuliwahi kuchinja mbuzi kwamba wameacha. Wa pili nilimuweka kwenye duka langu la simu Kariakoo. Miezi mitatu alikuwa ananiamsha yeye asubuhi, mpaka mke wangu akawa ananitolea mfano. Mwezi wa nne nikafika dukani nikakuta kufuli limefungwa vizuri na simu kumi na moja hazipo. Mpe nauli, mpe chakula, muombee. Ufunguo hapana.

#3 KijanaWaKigogo
Mkali, wewe hata pampu ya baiskeli humuazimi mtu, tunakujua humu. Ila pole kwa binamu zako.

FundiMageti, hao vijana wawili umewauliza wanaogopa nini hasa? Kuibiwa? Au wanaona aibu mtaa ukisema karakana ya Fundi siku hizi ni ya mateja? Hayo ni mambo mawili na dawa zake ni tofauti.

#4 BiMkubwa_Mwananyamala
Wanangu, nawasalimu.

Mimi ni mama wa mtumiaji. Mwanangu wa tatu. Nitasema ya nyumbani kwangu, mtu atakayejifunza ajifunze.

Alipoanza tulificha redio. Akachukua pasi. Tukaficha pasi, akachukua sufuria, moja likiwa na maharage ya jioni ndani. Aliyamwaga kwenye gazeti, akayaweka juu ya meza vizuri, akaondoka na sufuria. Nikafika kulala na mtungi wa gesi chumbani kwangu. Baba yake akasema huyu atalala barazani. Akalala barazani miaka minne. Na tukamtengea sahani yake na kikombe chake. Sahani ya bati, tuliitoboa ukingoni kwa msumari ili isichanganyike na za wengine.

Ameanza dawa, ameacha kuzurura, amerudi kulala ndani. Siku moja tumepakua pilau, mjukuu wangu wa miaka sita akaenda kabatini mwenyewe, akatoa sahani ya msumari, akamuwekea mbele. Hakuna aliyemtuma. Mtoto ameikuta hivyo akajua ndiyo desturi. Mwanangu alikula yote, akanawa, akasema, "Asante mama," akatoka. Hakurudi siku tatu. Siku ya nne nikapigiwa simu kwamba yuko Kinondoni kijiweni, amerudia.

Sisemi sahani ndiyo iliyomrudisha. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu. Lakini niliitupa jioni ile ile, nikajuta kwamba sikuitupa siku aliyoanza dawa. Sasa hivi ana mwaka na miezi mitano tena. Anakula kwenye sahani yoyote inayokuja.

#5 Nafuu_Temeke
Shikamoo mama. Umenitoa machozi, kwetu ilikuwa kikombe cha plastiki cha bluu.

Mimi nina miaka saba bila unga, na miaka mitano ya hiyo nilikuwa nakunywa methadoni. Nizungumze na FundiMageti moja kwa moja.

Watu wanadhani teja anaiba kwa sababu ana roho ya wizi. Anayeiba ni arosto. Ukiamka asubuhi bila kete, kile kipakiti cha unga, mifupa inauma kama inasagwa, tumbo linakata, pua na macho yanachuruzika, unahisi baridi ndani ya joto la Dar. Hapo huoni grainda, unaona kete mbili. Ukishapata unatulia masaa machache, kisha safari inaanza upya. Mtu wa namna hiyo hana siku, ana masaa sita sita.

Methadoni inakata hapo. Unakunywa mara moja kwa siku, arosto haiji, kichwa hakielei. Kwa hiyo sababu kubwa ya kukuibia inaondoka. Inayobaki ni mazoea ya kijiweni na upweke, na hayo hayaishi kwa kikombe. Yanaisha kwa mtu kuwa na mahali anakotakiwa kufika asubuhi.

Mkali, binamu yako alikuwa kwenye dawa au aliacha kavu kavu?

#6 Mkali_wa_Tandika
Aliacha kavu. Alifungiwa ndani kwa mjomba Bagamoyo wiki tatu, akatoka mnene.

Lakini na nyinyi wa methadoni msitufunge kamba. Mtu anatoka unga wa pusha (muuzaji) anaingia unga wa serikali. Anakwenda dirishani kliniki kila siku, miaka nenda rudi. Hapo ameacha nini? Na hii kitu imeletwa juzi tu, 2013 pale Mwananyamala, hatujaona mwisho wake.

#7 Nesi_wa_Zamani
Nisahihishe kidogo. Methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, na ndiyo iliyokuwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo Tanzania Bara. Mwananyamala wakafuata 2012, Temeke 2014. Baadaye ikaenda mikoani. Na dawa yenyewe si ngeni duniani, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Kuhusu "unga wa serikali". Ni kweli methadoni iko kwenye ukoo mmoja na heroini, hatufichi. Tofauti ni namna inavyofanya kazi. Heroini iliyodungwa inapanda kwa sekunde na kushuka kwa masaa. Methadoni ya kunywa inapanda taratibu na inakaa siku nzima, kwa hiyo aliyefikia dozi yake sahihi halewi na wala haumwi. Anaendesha bajaji, anashona, anachomelea. Mwenye kisukari anachoma insulini kila siku na hatumwiti teja wa insulini.

Ila nisiwadanganye pia. Ukimuona mtu wa methadoni anasinzia mchana amening'inia kama anabembea, mara nyingi amechanganya na vidonge vya usingizi au pombe, na mchanganyiko huo unaua, pumzi inapungua mpaka inakoma. Na methadoni inatibu uraibu wa jamii ya heroini tu. Bhangi, pombe, kokeini, hizo hazimo.

Jambo la mwisho, nalisema kwa kila mzazi. Aliyefungiwa wiki tatu akatoka mnene kama binamu ya Mkali ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kufa. Mwili umeshasahau kipimo. Akirudia kete zile zile alizokuwa anamudu zamani, zinamuua siku hiyo hiyo. Aliyetoka jela ni hivyo hivyo.

#8 Mkali_wa_Tandika
Nesi, umenigusa. Binamu wa kwanza naye alifungiwa kule Bagamoyo, akafa siku ya pili baada ya kutoka. Tulibaki tunasema amelogwa.

#9 Nesi_wa_Zamani
Pole sana kaka. Hamkuwa na wa kuwaambia.

#10 Ustaadh_Magomeni
Asalaam aleikum. Nimesoma tangu juu. Sipingi hospitali, mimi mwenyewe nimewapeleka vijana watatu. Lakini mnazungumza kama binadamu ni mwili mtupu. Niliowaona wakisimama imara ni wale waliopata kitu kikubwa kuliko wao wenyewe: sala tano, kwaya, darasa, chochote chenye watu wanaokuuliza jana ulikuwa wapi. Na toba ina masharti, mojawapo kurudisha haki ya watu. Huyo Dogo ameanza na grainda kabla hajaomba kazi. Mimi hilo limenitosha.

Nawasihi pia wanaowapeleka vijana kwenye nyumba za maombi au za visomo wanakofungwa minyororo. Mtu anafungwa mguuni kwenye nguzo na arosto juu, anajisaidia hapo hapo. Hiyo sikuikuta katika kitabu chochote nilichosomeshwa.

#11 MwenyeNyumba_Mbagala
Mimi nipo upande wa Mkali ingawa si kwa ukali wake. Nina nyumba ya vyumba sita. Nilimpangisha kijana ametoka sobani (nyumba ya waraibu wanaoacha), ana barua ya mjumbe na kila kitu. Yeye hakuniibia hata kijiko, nasema ukweli wa Mungu. Shida ilikuwa wenzake. Wakajua ana chumba. Usiku wanagonga dirisha, wanamwita, wanamtania kwamba sasa amekuwa bwana mkubwa. Wapangaji wawili wenye watoto wakahama. Ikabidi nimwambie akatafute kwingine. Alilia. Nilimrudishia kodi ya miezi yote iliyobaki.

Sasa niambieni, nilikosea? Nyumba ndiyo inayonilisha.

#12 KijanaWaKigogo
Kwa kurudisha kodi peke yake wewe mwenye nyumba wa aina yako tukutunze makumbusho pale Kijiji cha Makumbusho.

Lakini hapo umeeleza kitu ambacho Nafuu #5 hajakisema. Dawa inamtibu mtu mmoja, kijiwe kinabaki pale pale. Ndiyo maana mimi naona tatizo ni mtaa. Mhamishe mtu Tandale umpeleke Kibaha, nusu ya kazi imeisha.

#13 Nafuu_Temeke
Mimi nilihamishwa mpaka Songea kwa bibi. Nilipata unga siku ya tisa. Anayeutafuta ataupata.

MwenyeNyumba, sikulaumu. Ila wale waliokuwa wanagonga dirisha ungewafukuza wao kwa msaada wa serikali ya mtaa ungemwachia yule nafasi. Aliyehama alikuwa yule aliyekuwa anajitahidi.

#14 Dada_wa_Keko
Nimekuwa nasoma kimya siku mbili. Uzi mzima ni kijana, Dogo, mwanangu, binamu. Sisi wanawake mmetuweka wapi?

Nilianza 2001, mwanaume niliyekuwa naishi naye ndiye aliyenionjesha. Wakati ule unga wa kahawia wa kuvuta ulikuwa unapotea, umekuja mweupe, watu wakahamia kwenye bomba la sindano. Ilipofika 2005 hivi tulikuwa tumefika mahali pa kupeana damu. Mwenye hela akishajidunga anavuta damu yake mwenyewe kwenye bomba, anampa mwenzake asiye na hela ajichome, tukiamini humo ndani kuna unga uliobaki wa kutuliza arosto. Nasema wazi kwa sababu ilifanyika Dar hii hii, na wengi wetu tulipata virusi vya Ukimwi na homa ya ini kwa njia hiyo. Tulidhani ni upendo. Aliyekupa damu yake ni rafiki yako.

Nina miaka kumi na moja sasa, nimeanzia Muhimbili. Pale foleni ya asubuhi wanawake tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole kati ya wanaume wengi. Si kwamba hatupo. Mwanamke akitoka kijiweni kwenda kliniki mwanaume wake anaona atapoteza mtafuta hela. Mwenye mtoto anaogopa akiandikishwa atanyang'anywa. Na mwanaume akiacha anaitwa shujaa, anaitwa kanisani atoe ushuhuda. Mimi nilipoacha, swali la kwanza kwa wifi yangu lilikuwa, "Hela ya unga ulikuwa unaipata wapi?" Analijua jibu. Mpaka leo kwenye shughuli za familia napewa kuosha vyombo nje, sishiki mtoto mchanga.

Watoto wangu wawili walilelewa na shangazi yao. Wananiita jina langu.

FundiMageti, mpe kazi. Na ufunguo usimpe. Nasema hivyo kama mtu aliyepitia. Miezi kumi na minne bado ni michache, na ukimpa ufunguo siku ya kwanza, kikipotea hata kijiti kimoja cha kuchomelea atakuwa yeye. Wale vijana wawili wanaotaka aondoke wanaweza kukipoteza makusudi. Mnyime ufunguo kwa kumlinda yeye.

#15 BiMkubwa_Mwananyamala
Mwanangu wa Keko, uje Mwananyamala nikupikie. Nasema kwa dhati. Uje na hao watoto kama watakubali.

#16 SheriaKwanza
Wadau, salaam. Mmezungumza dawa, dini na mtaa. Hamjagusa dola.

Tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ndiyo iliyozaa Mamlaka ya jina hilo hilo iliyoanza kazi 2017. Sheria inataka wauzaji wapigwe na waraibu watibiwe. Mtaani mara nyingi anayekamatwa ni huyu mwenye kete moja, kwa sababu ndiye anayeonekana. Nina mteja wangu alizolewa kwenye msako akiwa njiani kwenda kunywa dawa. Kadi ya kliniki mfukoni, akaitoa, akaambiwa aiweke. Siku tano rumande bila dozi. Alipotoka dozi yake ya zamani ingeweza kumdhuru, wakaanza kumpandisha upya kutoka chini. Akakata tamaa wiki ya pili.

Ureno mwaka 2001 walifuta adhabu ya jinai kwa anayekutwa na dawa kidogo za matumizi yake. Bado ni kosa, lakini anapelekwa kwenye tume yenye mtu wa sheria, wa afya na wa ustawi wa jamii. Biashara ya dawa imebaki jinai kama kawaida. Mimi naona tungeweza kuanzia hapo.

#17 Mkali_wa_Tandika
Ureno wana hela. Sisi tukisema kete moja si jela, kesho mapusha wote watatembea na kete moja moja mfukoni, mzigo wameuacha kwa bibi kizee. Na mkumbuke vita hii ilianzishwa na mkuu wa mkoa wa Dar, Makonda, alipotaja hadharani majina ya watuhumiwa wa unga, kabla ya hapo hakukuwa na kitu.

#18 SheriaKwanza
Hilo la mapusha ni hoja, nalikubali linahitaji jibu. La historia hapana. Majina yalitajwa Februari 2017, sheria ilikuwa na miaka miwili tayari, na kabla yake kulikuwa na Tume ya kuratibu udhibiti tangu miaka ya tisini. Nesi ameshaonyesha kwamba kliniki zilikuwa zimefunguliwa zote tatu hapa Dar kabla ya hapo.

#19 Nafuu_Temeke
Ninachokumbuka mimi 2017 ni kwamba pale kijiweni kwetu unga uliadimika, kete ikapanda bei na ikawa imechanganywa vitu visivyojulikana. Wengi tulikwenda kujiandikisha kliniki kwa sababu hiyo, si kwa uongofu. Mimi mmoja wao. Kwa hiyo Mkali hajakosea yote.

#20 Mjumbe_wa_Shina
Habari zenu. Kwa uzoefu wangu wa uongozi wa mtaa tatizo hapa ni ajira. Kijana asiye na kazi lazima atarudia. Halmashauri inatoa mikopo ya asilimia 10, vijana hawa waunde kikundi wakopeshwe, wanunue bodaboda. Mbona ni rahisi.

#21 Dada_wa_Keko
Mjumbe, nisaidie. Hiyo 10 ni ya mapato ya ndani ya halmashauri, imegawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Inataka kikundi kilichosajiliwa na watu wanaofahamiana wadhaminiane. Wengi wetu vitambulisho vilipotea zamani, na ujana wenyewe tumeuacha kijiweni. Tulipojikusanya wanawake sita na kwenda ofisi moja ya mtaa kuomba barua, tuliambiwa tukakae kwanza miaka miwili ndiyo turudi. Hakuna mahali palipoandikwa miaka miwili. Mtu aliitunga pale pale mezani.

#22 KijanaWaKigogo
Na ajira peke yake haielezi. Binamu ya Mkali alikuwa na kazi. Ray C, mwimbaji wa bongo fleva, alikuwa na jina nchi nzima, mwaka 2012 alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia kutibiwa, na watu tulifurahi naye. Ninachojiuliza, kwa nini msanii akitibiwa tunamwonea huruma na wa Manzese akitibiwa tunahamisha viatu mlangoni.

#23 Mjumbe_wa_Shina
Dada wa Keko, nimekusikia. Barua ya utambulisho ni haki ya mkazi. Kama wewe na wenzako bado mnaihitaji, niandikie ndani, nitakuelekeza utaratibu.

#24 FundiMageti
Wakuu nimerudi. Asanteni wote, BiMkubwa shikamoo.

Nimekaa na vijana wangu kama alivyoshauri wa Kigogo. Mmoja kaka yake aliuawa na wananchi Vingunguti kwa tuhuma za kuiba betri ya gari, alikuwa anatumia. Amefanya kazi kwangu miaka mitatu na sikuwahi kujua. Kumbe haogopi kuibiwa. Anasema akimwona Dogo na vidonda vile miguuni anamwona kaka yake, na hataki kumwona kila siku. Nilikosa la kumjibu. Wa pili yeye anaogopa mashine tu.

Halafu limetokea jingine. Dogo lazima afike kliniki kila siku, anywe mbele ya mhudumu. Sisi saa moja na nusu tunakuwa tumeshawasha mashine, kazi za site zinatoka mapema. Yeye kwa foleni na daladala hawezi kufika kabla ya saa tatu na nusu. Jumamosi hivyo hivyo. Hilo linaendaje?

#25 Nafuu_Temeke
Hapo umegusa mfupa. Wengi tunafukuzwa kazi na foleni, si na unga. Mimi nilikuwa naamka saa kumi usiku niwe wa kwanza dirishani. Anakupimia kwenye kikombe kidogo, unakunywa mbele yake, unatakiwa useme kitu aone umemeza. Nilikuwa nasema, "Nawahi kazini dada." Miaka mitano, maneno hayo hayo. Siku moja nimefika nimechoka nikanywa kimya, akaniambia, "Leo huwahi kazini?"

Uingereza mtu akishatulia hupewa dozi za siku kadhaa akae nazo nyumbani. Mwenye hali nzuri angepewa nafasi hiyo kwa upana na hapa, waajiri wangepumua.

#26 Nesi_wa_Zamani
Nafuu, mimi naunga mkono lakini nimekaa upande wa pili wa dirisha. Dawa ya kubeba inaweza kuuzwa. Inaweza pia kunywewa na mtoto wa nyumba, na kipimo cha mtu mzima aliyezoea kinamuua mtoto. Anayenyweshwa mbele ya mhudumu analindwa na analinda wengine.

FundiMageti, mwambie Dogo aongee na mshauri wake pale kliniki, amweleze kwamba amepata kazi. Na kama anatumia dawa za kifua kikuu aseme mapema. Zile zenye rifampisini zinaishusha methadoni mwilini, arosto inarudi wakati dozi haijabadilika, mtu anadhani ni udhaifu wake mwenyewe.

#27 Mkali_wa_Tandika
Fundi, msimamo wangu wa ufunguo uko pale pale. Lakini kama unampa kazi, mlipe kila siku jioni kwa wiki za mwanzo, kidogo kidogo. Mshahara wa mwezi mzima mkononi mwa mtu aliyezoea kete ni mtihani mkubwa. Binamu yangu zile simu zilipotea tarehe 30, siku ya mshahara. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nimesoma huu uzi.

#28 Dada_wa_Keko
Mkali, na mimi siku za mshahara mpaka leo nampa BiMdogo wangu anishikie. Miaka kumi na moja.

#29 FundiMageti
Nimefanya hivi. Ataanza Jumatatu, ataingia saa tatu na nusu na kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni, wenzake wakiwa wamekwenda yeye atabaki kupaka rangi ya kutu na kusafisha. Malipo ya siku. Grainda tumekubaliana akatwe elfu mbili kila siku. Yule mwenye kaka nimempa kazi za site kwa mwezi huu, tuone.

Ufunguo bado niko nao. Ila jana nilipomuonyesha stoo aingie aone vifaa vilipo, alikataa kuvuka mlango peke yake. Alisema, "Ingia kwanza wewe kaka, mimi nakufuata." Sijui nilichukulieje hilo.

#30 Nafuu_Temeke
Mwache avuke siku yake.

#31 Mama_Chamazi
Samahani kuingilia. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 24, anajidunga, ameanza kutapika na kuumwa tangu asubuhi na mwenyewe amesema anataka kupelekwa. Tuko Chamazi. Tunaanzia wapi?

#32 Dada_wa_Keko
Kesho alfajiri njooni Temeke hospitali. Mpe maji ya kunywa mara kwa mara, usimfungie, usimwache peke yake usiku. Nitawasubiri nje pale geti kubwa kuanzia saa kumi na mbili, nitavaa kitenge cha kijani.